Mke Wangu Ana Jini Lililobadilika Kidogo

Mpendwa mshauri Nzomo, pokea salamu kutoka Kimbo, hapa Ruiru, na naomba unisaidie haraka kwa sababu nyumba yangu imebaki na mimi na geti peke yake. Mimi ni Gachau, fundi wa mageti, na jina langu unaweza kuliandika wazi kwa gazeti kwa sababu Kimbo yote inajua tayari, wamama wa kanisa walikuwa kwa sebule yangu na hao hawafichi kitu. Ukipita Membley uangalie yale mageti meusi yako na maua ya rangi ya dhahabu juu, mengi ni yangu. Nasema hivyo ndio ujue mimi si mtu mjinga, nimesoma mpaka form four, na kwa familia yetu tuko na genes nzuri sana, baba yangu anakaribia miaka tisini na anasoma Biblia bila miwani, na hakuna mtu wa mbari yetu, yaani ukoo wetu, ashawahi kusikika na mambo ya mapepo. Ndio maana hii kitu imenishtua. Na nimekuandikia wewe badala ya wale wa redio kwa vile jina lako ni la Ukambani, na mtu wa huko anaelewa haya mambo.

Mke wangu anaitwa Tabby. Tangu tuoane amekuwa akilalamika tumbo kila mwezi, na si kulalamika kidogo, kuna siku anajikunja pale sakafuni jikoni ananiambia Gachau siwezi kusimama, na mimi kwa vile ni mwanaume wa kuelewa sikuwa namgombanisha, nilikuwa namruka polepole nachukua chai yangu naenda kazi, kwa sababu nilijua hayo ni mambo ya wanawake na ingine ni kudeka. Hata mamangu Magdalene, anakaa hapa Gatongora, aliniambia siku zake pia zilikuwa moto lakini alikuwa anaenda kuchuna kahawa hivyo hivyo, ati ukiinama sana chini ya mti haiumi sana, na jioni alikuwa anapasha tofali moto anaiweka tumboni, na hakuna mtu aliwahi kumsikia akilia. Nilimwambia Tabby hiyo hadithi ndio ajipe moyo. Hakujipa.

Sasa mwaka huu Tabby akasikia kuna utafiti unafanywa Thika, wa wanawake wenye maumivu kama yake, wanapimwa na wanachukuliwa mate ijulikane ni kwa nini mmoja anaumwa na mwingine haumwi. Akaingia. Wakamwambia ugonjwa wake unaitwa endo nini sijui, mimi jina refu hivyo nililiacha huko huko Thika, na siku ya matokeo akaniomba twende pamoja. Nilienda, na nilivaa koti. Daktari wa huo utafiti anaitwa Nekesa, mama mpole sana, akaanza kwa kusema wameagizwa waeleze watu kwa Kiswahili safi bila kuchanganya Kizungu ndio kila mtu aelewe, na mimi nikafurahi. Halafu akafungua karatasi akasema, naandika vile nilisikia na masikio yangu, "Bwana Gachau, tumempata mama na jini ambalo limebadilika kidogo."

Mshauri, mimi nilishika kiti. Tabby aliitikia tu na kichwa kama mtu ameambiwa bei ya nyanya. Daktari akaendelea na huo upole wake, akasema tusiogope, jini kama hilo liko kwa wanawake wengi hapa Thika na Ruiru na wengine wanaishi nalo mpaka wanazeeka bila kujua, akasema Tabby alilirithi, na kwamba haliwezi kutolewa ila maumivu yanatibika, kuna dawa, na dawa zikishindwa kuna operesheni. Akasema binti yetu pia anaweza kuwa nalo, kwa hivyo akianza kuumwa asipuuzwe. Halafu akanipatia vichupa viwili vidogo, akasema kama niko tayari niteme mate kwa kimoja nimletee, na mama yangu akikubali ateme kwa kile kingine.

Mate. Mtu ametoka kuniambia mke wangu ana jini, hapo hapo ananiomba mate. Kwetu mate ni ya mzee kukutemea kifuani akikubariki, haitiwi kwa chupa ikafungwa na kifuniko ikaandikwa jina la mtu. Nilitia hivyo vichupa mfukoni nikanyamaza, na nikanyamaza njia yote mpaka nyumbani, kwa sababu sikutaka hilo jini lijue kwamba najua.

Nikaanza kuchunguza. Nimesikia majini wako na kwato, kwa hivyo Tabby akiosha miguu nilijifanya natafuta kiatu nikainama nikaangalia vizuri, lakini niliona tu miguu ya Tabby ile ya siku zote. Tokeni za stima zikaanza kuisha haraka. Paka wa jirani akaacha kuja kwetu. Nikamwendea Abdulkarim, jirani yangu, fundi wa friji, nikamwambia nyinyi watu wa Pwani haya mambo mmezaliwa nayo. Akaniambia yeye amezaliwa Majengo ya Thika, na Mombasa ameenda mara moja tu na shule, akatapika njia yote. Nikamsihi. Akasema kitu amesikia watu wakisema ni kwamba jini halihitaji mlango, na kitu anajua kwa hakika ni kwamba friji yangu imeisha gesi.

Kitu ilinimaliza ni ya binti yetu. Yeye anaitwa Magdalene, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya bwana, na hiyo si jina tu, mtoto ni kama mwenye jina mwenyewe. Mimi namwita Maitu, yaani mama, tangu azaliwe, na yuko tu darasa la sita. Nilipomwambia mamangu vile daktari alisema, alivua miwani, akaniuliza, "Gachau, kama hiyo kitu iko kwa Maitu, na Maitu ni mimi, si iko kwangu?" Na ukiifuata, mshauri, hiyo hesabu inatoka sawa. Mamangu ni mwenyekiti wa wamama kanisani. Akasema hawezi kusimama mbele ya watu Jumapili akiwa na jini la kuletewa na mke wa mtoto wake.

Basi akakuja na wamama wote na Pastor Ephantus. Tabby alidhani wamekuja kuombea tumbo lake, akawapikia chai, akashukuru hata. Pastor akamwekea mkono kichwani akauliza kwa sauti kubwa, "Wewe uliye ndani, jina lako nani?" Tabby akafikiria anaulizwa mambo ya matokeo, akamtajia zile herufi na namba daktari alikuwa amemwandikia. Pastor akatoa mkono. Akasema katika huduma yake yote hajakutana na jini liko na namba kama ya gari, hili ni jini limesajiliwa. Tabby akauliza, "Jini gani?" Mamangu akamwambia. Tabby akacheka mpaka akakaa chini ameshika tumbo, na Pastor akasema mnaona, ndilo hilo linacheka.

Na hapa nataka unielewe. Tabby alijaribu kunieleza. Lakini Pastor alikuwa ameshatuonya, akasema jini litaongea na sauti ya Tabby mwenyewe na litatoa maelezo rahisi sana ya kuaminika. Na kwa kweli, mshauri, maelezo ya Tabby yalikuwa rahisi sana. Kila akifungua mdomo wamama wanaanza wimbo.

Sasa mimi kazi yangu ni mageti. Mtu akivamiwa mimi najua dawa moja tu. Nikapima korido kati ya chumba cha kulala na sebule, nikachomelea geti ndogo safi, nikaweka hata ua moja juu ndio Tabby asione ni kama jela, nikahamia kochi, upande wa huku, Tabby na Maitu wakabaki upande wa chumbani, na kila usiku nafunga kufuli. Kusema kweli sikuwa na uhakika jini limebaki ndani ama limebaki nje, na wewe ukijua uniambie. Asubuhi moja nikaenda Membley kufunga geti ya mteja na nikasahau ufunguo wa kufuli kwa mfuko. Sikuwa na ubaya. Kumbe tumbo ilikuwa imemshika, na maji ya moto iko jikoni, upande wangu. Alinipigia simu, nilikuwa nachomelea sikusikia. Ni Maitu aliita kwa dirisha mpaka Abdulkarim akakuja na grinda akakata kufuli. Huyo Abdulkarim siku hizi ananisalimia kwa shida. Aliniambia, "Gachau, kwa hiyo nyumba nilipata mama na mtoto wake. Sikupata mwingine."

Tabby hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifunga nguo akachukua Maitu akaenda kwa mama yake Makongeni, na mlangoni akaniambia, "Nitarudi siku utakuja uniambie kitu kinaniumiza kinaitwa aje na kinafanya nini, bila kutaja pepo. Na usiniulize mimi, nimeshakuambia."

Mshauri, mimi nampenda Tabby. Nyumba imekuwa kubwa, narudi jioni nafungua geti naingia chumbani napata kitanda kimetandikwa vile aliacha. Tokeni za stima bado zinaisha haraka, hiyo nimeshindwa kuelewa. Nataka mke wangu na mtoto wangu warudi, lakini naogopa nikisema kitu si cha ukweli atajua, na nikinyamaza ataniacha. Hiyo kitu inaitwa aje na inafanya nini?

Ni mimi Gachau wa mageti, Kimbo.

*

Bwana Gachau,

Neno ni jeni. Si jini. J, e, n, i. Nimekuandikia herufi mojamoja kwa sababu nimeona ulivyo hodari wa kusikia unachotaka. Na kwa Kizungu unalijua vizuri sana, umelitumia mwenyewe hapo juu ukijisifu kwamba familia yenu ina genes nzuri na mzee hasomi kwa miwani. Daktari Nekesa wa watu alijitahidi asikuchanganye na Kizungu. Angekuchanganya kidogo tu, leo ungekuwa nyumbani na mkeo mnakunywa chai.

Halafu tumalize hili la Ukambani. Mimi ni wa Machakos mjini, nimezaliwa nyuma ya posta, na kitu ninachokijua kwa undani ni namna watu wanavyovunja nyumba zao wenyewe wakitafuta wa kulaumu. Abdulkarim naye umuombe radhi, na friji aitie gesi. Friji isiyo na gesi inakaa ikinguruma mchana kutwa bila kupoza kitu, na hapo ndipo tokeni zako zinapokwenda. Alikuambia. Hukusikia, maana ulikuwa unasubiri akutajie kwato.

Sasa nikueleze kwa lugha ya karakana yako. Jeni ni vipimo. Wewe ulivikuta vipimo vya geti kwa fundi aliyekufundisha, naye alivikuta kwa mwingine, na kila mmoja alipovinakili, mahali fulani sentimita moja ilibadilika. Mara nyingi geti linafunguka vilevile na hakuna anayejua. Mara nyingine linakwaruza sakafu. Hakuna aliyelilaani. Kila mtu anapokea vipimo kwa mama na kwa baba, na kila mtu ana mahali pamebadilika kidogo, mimi ninapo, wewe unapo, Pastor Ephantus anapo pamoja na wamama wote walioimba. Zile herufi na namba alizozitaja Tabby ni anwani ya mahali penyewe, basi. Na badiliko lenyewe si ugonjwa. Linaongeza uwezekano. Wapo walio nalo wasiosikia chochote, na wapo wanaogaragara kwa maumivu bila kuwa nalo, na ndiyo sababu watu kama Nekesa wanahangaika kukusanya mate ya mtu na ya jamaa zake badala ya kukisia.

Kinachomuumiza mkeo kinaitwa endometriosis. Hulitaki hilo jina kwa sababu ni refu, lakini namba ya mita yako ya stima ni ndefu kuliko hilo na bila shaka umeikariri. Ndani ya tumbo la uzazi kuna utando ambao kila mwezi hutoka kama hedhi. Kwa Tabby, nyama zinazofanana na utando huo zimeota nje, mahali ambapo hazikupaswa kuwa. Mwezi ukifika nazo zinavimba, zinachubua, zinashikamanisha vitu ambavyo vinatakiwa kuteleza. Yale ndiyo maumivu. Hayatoki kwa kuimbiwa. Yana madaktari, yana dawa, na wakati mwingine yana kisu, na uamuzi wa hayo ni wa Tabby na daktari wake. Kazi yako ni kumpeleka, kumrudisha na kumpashia maji.

Nimekucheka vya kutosha. Kuhusu geti sicheki. Mwanamke mgonjwa na mtoto wa darasa la sita, umewafungia ndani ukaondoka na ufunguo, unaniambia hukuwa na ubaya. Kungezuka moto je? Lile ua uliloweka juu lilikuwa la nani? Nimekaa kwenye hili dawati miaka mingi na nimesoma barua za wanaume wabaya kuliko wewe, lakini wao hawakunisimulia kama mtu anayesifia kazi yake. Umshukuru Mungu kwamba Maitu ana sauti na Abdulkarim ana grinda.

Na sasa soma tena barua yako mwenyewe, pale unapomtaja mama yako. Alikuwa akichuna kahawa ameinama kwa sababu akisimama wima anaumia. Alikuwa akijiwekea tofali la moto tumboni. Umeandika hayo ili kumwonyesha Tabby namna mwanamke anavyovumilia, na hukuona ulichoandika. Mimi si daktari na sitampima mtu kupitia gazetini, lakini wewe umekuwa ukilinda ukoo wako dhidi ya kitu cha Tabby, na huenda Mama Magdalene amekaa nacho hapo Gatongora tangu ujana wake. Binti yako alipokea nusu ya vipimo kwako, na wewe nusu ya vyako ulipewa na mama yako. Daktari alikuomba mate ya mama yako kwa sababu hiyo, hakuwa na haja ya kumroga mtu. Hesabu ya mama yako ya kwamba Maitu ni yeye ilikosea njia, lakini haikuwa mbali na ukweli.

Lililonikalia moyoni ni hili. Miaka yote mkeo alikuambia kwa mdomo wake, akiwa sakafuni, kwamba anaumwa, ukamruka ukaenda kuchukua chai. Siku uliyosikia ana jini uliamini papo hapo. Hukuomba ushahidi. Ulimwita mama, ukamwita pastor, ukachomelea chuma, ukahama kitanda. Tabby ilibidi awe na pepo ndipo wewe ukubali kwamba kuna kitu kinamuuma. Yeye hilo amelijua, Gachau, na sidhani ni lile geti lililomtoa kwako. Geti lilikuja tu mwishoni.

Basi fanya hivi. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti, kata hilo geti. Usilifungue, likate, mpaka kwenye bawaba, na uzibe matundu ukutani upake rangi, asije mtoto akayahesabu. Kesho uende Gatongora na vile vichupa viwili, bila pastor. Umwambie mama yako kwamba hakuna jini, halafu umuulize kuhusu lile tofali, na ukae. Uliandika kwamba hakuna mtu aliyewahi kumsikia akilia. Muulize kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza. Akitaka kutema mate ateme, asipotaka umwache, ni mate yake.

Kisha uende Makongeni. Upeleke chupa ya mpira ya kutia maji ya moto, mpya, usiifunge na maua. Utakuwa umekariri endometriosis na utatamani kuanza nayo ili aone umesoma. Usianze nayo. Anza hivi: "Tabby, ulikuwa unaumwa na mimi nilikuwa nakuruka." Yeye atakuwa na mengi ya kusema baada ya hapo. Nyamaza umsikilize mpaka mwisho, hata kama maelezo yake ni rahisi sana.

Nzomo